Siku Niliyopewa Kiti

Mimi nimeangushwa na wanaume wengi kuliko mwanamke yeyote wa Rusizi, huku Rwanda, na mume wangu alikuwa amekaa palepale anapiga makofi. Ilikuwa kazi yangu. Niliifanya miaka zaidi ya ishirini, na aliyeijua kunishinda ni mmoja tu, naye amelala kwenye makaburi ya Waislamu hapa Kamembe.

Nilikuwa fundi wa kitanda. Ninyi vijana mkisikia kitanda mnawaza usingizi. Kitanda chetu kilikuwa shimo lililojazwa pumba za mpunga, kule Bugarama, nyuma ya mashine ya kukoboa, na juu yake wanaume walipigana mieleka kila mavuno yalipokwisha. Mimi ndiye niliyekijaza, niliyekigeuza, niliyekifunika. Jina langu ni Verediana. Darasa nililofika ni la tatu, kwa hiyo msitafute hapa maneno ya kitabu.

Ningekaa kimya mpaka nife, kama nilivyokaa mpaka sasa. Lakini mwaka huu mjukuu wangu Divini, anayejifunza mieleka kwenye klabu moja hapa mjini, alirudi nyumbani anachechemea. Nikamuuliza amefanya nini.

"Si kitu, Koko. Nimeanguka kigaspari."

"Umeanguka nini?"

"Kigaspari. Njo vile banasema kule. Ukitanguliza kichwa, kocha anakupigia kelele: usianguke kigaspari! Benye banatoka Bugarama njo balileta ile neno."

"Na Gaspari ni nani?"

Akainua mabega. "Sijuwe, Koko. Labda hakuna muntu. Ni neno tu."

Sikula siku ile. Gaspari alikuwa mtu. Alikuwa na mke, alikuwa na jino la mbele lililovunjika nusu, na alijua kuanguka kuliko kiumbe yeyote niliyemwona kwa macho haya. Neno lenu ni uongo, na mwenye uongo huo ni mimi. Nimeona niwaambie ninyi mnaolisema, maana wale niliopaswa kuwaambia hawapo tena.

Nianze na Mzee Shabani. Alikuwa seremala wa Kamembe, mtu wa kofia na sala tano, lakini alipenda mieleka kuliko mbao. Wakati ule bendera mpya ya uhuru ilikuwa bado haijafifia rangi, na vijana waliangushana juu ya udongo mtupu. Siku moja alimwona mmoja akitoka na bega limechomoka, linaning'inia kama mkono wa koti. Mimi, kibarua wa mashine ya kukoboa, nilikuwa napita na gunia la pumba kichwani. Wakati huo pumba zilikuwa takataka.

"Wewe binti, unakwenda kuzitupa wapi hizo?"

"Kwenye mufereji, Mzee."

"Usizitupe. Mimina hapa."

Nikamimina. Akapiga magoti, akaingiza mkono, akatabasamu kama mtu aliyepata kitu alichopoteza. Nikaleta gunia la pili, la tatu. Hadi jua linashuka nilikuwa nimekwisha kuacha kazi ya mashine bila kumuaga mtu.

Kitanda kinatengenezwa hivi, na shikeni vizuri, maana sijui kama kuna mwingine atakayewaambia. Unachimba shimo la kina cha mkono mzima, kutoka bega mpaka vidole. Chini unalaza majani makavu ya migomba, kwa sababu udongo wa Bugarama ni wa mfinyanzi, unashika maji kama kikombe. Juu yake unamimina pumba, unazikanyaga, unazigeuza kwa rato ya meno ya chuma, unamimina tena. Unanyunyiza maji kidogo ili vumbi lisiingie machoni. Kidogo, nimesema. Maji yakizidi, pumba za chini zinashikana na chenga na vumbi la mchele, zinapata joto, zinaoza, na kwa siku mbili tu joto hilo linazikausha kuwa bamba. Kwa juu unaona laini tupu. Chini kuna tofali. Jicho haliwezi kuliona. Mkono unaweza kulikosa. Mgongo hauwezi kulikosa.

Kwa hiyo Mzee Shabani aliweka sheria moja juu ya zote. Kabla wanaume hawajapigana, fundi wa kitanda anaangushwa kwanza, mbele ya watu wote, ngoma ikipigwa. Mara tatu: katikati, na mahali pawili popote ambapo mpiganaji anachagua mwenyewe, fundi asijue. Watu waliona ni kichekesho cha kufungulia mchezo. Haikuwa kichekesho. Kama kitanda ni kibaya, kimvunje aliyekitengeneza.

Mwanzoni aliangushwa yeye mwenyewe; alipochoka magoti, alisema kazi ni yangu na kuanguka ni kwangu. Wazee walipiga kelele. Mwanamke aangushwe hadharani! Wakaenda kwa mume wangu, fundi wa baiskeli, mtu wa maneno machache. Akawasikiliza mpaka mwisho, akapangusa mikono yake ya grisi.

"Mukiweza kumwangusha Verediana," akasema, "munifundishe na miye."

Hapo mambo yakaisha. Nilivaa suruali yake ndani ya kitenge, nikajifunga kamba kiunoni.

Mara ya kwanza kabisa nilianguka kwa mkono. Nilinyoosha kiganja kutafuta chini, kama kila mtu anavyofanya, na kifundo kikavimba kama yai. Mzee Shabani alinifunga kitambaa huku ananikaripia.

"Mkono umeutuma kufanya nini? Chini ipo, itakuja yenyewe. Huna haja ya kuitafuta."

Akanifundisha wiki tatu. Kidevu kifuani, kama unabana limau. Toa pumzi yote kabla hujafika. Mkono upige pumba ukiwa umelala wote, sekunde ileile mgongo unapofika. Na masikio yako yasikilize. Kitanda kizuri kikipokea mtu kinasema fuuu, kama mama anapuliza moto. Sauti hiyo ningeitambua hata leo, ingawa sijaisikia miaka mingi na sitaisikia tena.

Msifikiri nilikuwa hodari tangu mwanzo. Mwaka mmoja magunia yalipungua, nikaazima kwa mama mmoja aliyevusha bidhaa kutoka Bukavu. Sikuuliza alibebea nini. Nilianguka mara tatu, kitanda kikasema fuuu, watu wakapiga makofi, na mimi nikaanza kuwashwa shingoni. Nikadhani ni jasho. Wapiganaji wawili wa kwanza wakashikana, wakabingirika mara mbili, halafu wakaachana wenyewe, kila mmoja anajikuna mahali pasipokunwa mbele ya watu. Yalikuwa magunia ya pilipili. Wanaume wanane walikaa kwenye mfereji wa mpunga mpaka shingoni, wanalaani ukoo wangu. Mzee Shabani alicheka mpaka kofia ikaanguka. Tangu siku ile nilinusa kila gunia, hata la mume wangu.

Divini anasema kule klabuni kuna mieleka ya aina mbili. Moja unashika kuanzia kiunoni kwenda juu tu, miguu haiguswi. Nyingine unashika popote. Anasema zimetoka Ulaya. Nikamwambia sawa, lakini ya kwanza niliiona Nkanka na ya pili niliiona Bugarama, kabla mama yake hajazaliwa.

Wavuvi wa Nkanka walivuta nyavu za sambaza, dagaa wa ziwani, tangu utoto. Vifua vyao vilikuwa kama milango. Walikukumbatia, wakapitisha mikono chini ya kwapa, wakafunga vidole mgongoni mwako, wakakung'oa. Ukiinuliwa na mtu wa Nkanka unaliona bati la mashine kwa juu, na bado hujaanza kushuka. Watu wa Bugarama nguvu zao zilikuwa chini. Mtu anayeshinda siku nzima anachomoa miguu kwenye matope ya mpunga, miguu hiyo inajua mambo. Alikupa kifua ukishike, na wakati unafurahia kifua, mguu wako mmoja ulikuwa umekwisha kuondoka. Warundi waliovuka mto Ruhwa walishika mkono mmoja tu, wakauzungusha kama wanakamua shuka.

Na Bukavu ilituletea kachi. Hiyo ni mieleka ya kutazamwa: mtu anavaa kinyago, anapiga kifua, anaanguka kabla hajaguswa. Alikuja mmoja na kuku mweupe mkononi, akasema huyo kuku ana dawa, na yeyote atakayemsogelea atalegea viungo. Akampulizia mpinzani wake unga usoni. Mpinzani wake alikuwa Gaspari. Gaspari akapiga chafya kubwa, na katika kupiga chafya akampiga mtu wa kachi kichwa cha tumbo, akamlaza. Kuku akabaki amesimama katikati ya kitanda, anadonoa.

"Papa," Gaspari akamwambia yule mtu, "toa icho kinyago weye, umupe kuku, apigane yeye. Yeye angali anasimama."

Gaspari ndiye aliyekuwa ananiangusha mimi. Alifanya kazi ya mpunga, hakuwa mkubwa wa mwili, na wala hakuwa bingwa. Alishinda, alishindwa, yote kwake yalikuwa sawa. Alichojivunia ni kuanguka. Watu walikuja kutoka mbali kumwona anaangushwa: anaruka juu, anakunja kidevu, mkono pah!, fuuu, na amesimama tena anacheka na jino lake nusu.

"Maman," aliniambia, "kushinda, ni mpaka ule mwingine akubali. Lakini kuanguka, njo yangu peke."

Aliniangusha miaka tisa. Kila mara alininong'oneza kabla ya kuniinua: "Maman, pumzi." Nikatoa pumzi. Hakuna siku niliyotoka na hata mchubuko.

Sasa niwaambie siku niliyopewa kiti.

Mavuno yale yalikuwa makubwa, na ilisemekana wageni watakuja kutoka Kigali. Wakuu wa mashine walikuja kwangu wenyewe wakasema, Maman Verediana, kitanda chako kimesifiwa, siku ile utakaa na wageni, safu ya pili, kwenye kiti. Mimi! Niliyebeba pumba kichwani. Nilinunua kitenge cha waksi, nikaenda kushonesha Kamembe, nikasuka nywele kwa shangazi yangu. Siku mbili nzima. Na siku hizo mbili mvua ilinyesha Bugarama.

Nilirudi asubuhi ya mchezo. Nikafunua mikeka, nikaona kitanda kimelowa. Kazi ya kufanya niliijua kama jina langu: utoe zote, mpaka majani ya migomba, uanike, ujaze upya. Kazi ya siku nzima. Watu walikuwa wanaanza kufika. Nikatoa pumba za juu, kina cha kiwiko, nikaweka mpya, kavu, nzuri. Chini niliingiza mkono mahali patatu. Palikuwa pazuri. Nikajiambia inatosha. Nikaenda kuoga na kuvaa kitenge changu.

Kiti kilikuwa na mto. Kushoto kwangu alikaa mke wa mkubwa wa komini, mtawala wa eneo letu, na alinisalimia kwa mikono miwili. Ngoma ikapigwa ya fundi wa kitanda. Niliisikia. Sikusimama.

Gaspari akatoka kwenye pumba, akaja mpaka kwenye viti, kifua wazi, akanyoosha mkono.

"Maman, twende tukianguke kitanda."

"Leo hapana."

"Hauanguke?"

"Kitanda ni kizuri. Hauoni niko na bageni? Uniachie heshima yangu, Gaspari."

Akanitazama kitenge, akanitazama kichwa. Hakukasirika. Akainama kama mtu wa ikulu. "Sawa, Maman Prezida!" Watu wakaangua kicheko, hata mke wa mkubwa wa komini. Nami nilicheka. Ninakumbuka nilivyocheka, nimefunika mdomo kwa kitambaa.

Jozi mbili za kwanza zilipigana pembeni, zikaanguka pembeni, fuuu, fuuu. Nikazidi kutulia. Halafu Gaspari na mvuvi mmoja wa Nkanka, kijana mrefu, mpole. Walizungukana muda mrefu. Gaspari alitafuta mguu, yule akauficha. Mvuvi akapata kwapa, akafunga vidole, akamng'oa. Gaspari alikwenda juu kabisa. Watu walisimama, maana kila mtu alitaka kumwona anavyoanguka.

Nami nilimwona. Sikilizeni vizuri, kwa sababu hii ndiyo sehemu ninayoiandikia. Macho yangu yalikuwa macho ya kazi. Kidevu kilikuwa kifuani. Mdomo ulikuwa wazi, pumzi inatoka. Mkono ulikuwa umelala wote, na ulipiga kwa wakati. Ulikuwa mwanguko wake mzuri kuliko yote ya miaka tisa.

Kitanda hakikusema fuuu. Kilisema ko.

Mvuvi alisimama, akanyoosha mkono kumwinua. Gaspari alikuwa anatazama juu, macho wazi, anashangaa. "Ngoja kidogo," akasema. "Miguu haijafika." Alidhani miguu yake bado iko hewani.

Walimbeba juu ya mlango. Mkuu mmoja wa mashine alinijia, uso umempauka.

"Verediana, kitanda kilikuwa kizuri?"

Ningeweza kusema. Neno lenyewe ni fupi. Niliangalia kitenge changu.

"Kitanda ni kizuri," nikasema. "Alitanguliza kichwa."

Hivyo ndivyo neno lenu lilivyozaliwa. Si kwa watu wa Bugarama, si klabuni kwenu. Lilizaliwa mdomoni mwangu.

Watu walipoondoka, kabla jua halijazama, nilivua kitenge, nikaingia shimoni na jembe. Nililipata. Bamba la upana wa meza, unene wa kiganja, gumu, na chini yake bado kuna joto. Nilikuwa nimeingiza mkono kulia kwake, kushoto kwake, na mbele yake. Mgongo wangu ungeliona, maana katikati ndipo nilipokuwa naangushwa kwanza kila mwaka. Nililipasua vipandevipande, nikavigeuza na pumba, mpaka mtu akija asikute kitu. Nilifanya kazi hiyo vizuri sana. Sijawahi kugeuza kitanda vizuri namna ile.

Gaspari aliishi miaka kumi na moja, amelala. Shingo ilizunguka, mdomo ulisema, mkono mmoja ulisogea kidogo. Mwili uliobaki wote ulikuwa kama si wake. Kila Jumapili baada ya misa nilikwenda na uji wa mtama, nikampa kijiko kwa kijiko, mke wake Noela apate kupumzika. Watu walisema tazama Verediana alivyo na moyo. Nilimshonea godoro la pumba laini, nilizozianika siku tano. Nilifanya baada ya kitu kuharibika kila nilichoshindwa kufanya kabla.

Mara ya kwanza aliniuliza hivi:

"Maman, ile siku, kitanda ulikianguka? Asubuhi, mbele ya siye kufika?"

Noela alikuwa amesimama mlangoni na beseni.

"Ndiyo," nikasema. "Mara tatu. Mume wangu ndiye aliniangusha."

Akafumba macho.

"Basi ni miye," akasema.

Tangu hapo alianza kutafuta kosa lake. Miaka kumi na moja. Alikuwa anafumba macho, uso unakaza, anaruka tena kichwani mwake, anaanguka tena, na anafumbua macho ananiuliza. "Maman, kidevu nilikificha?" Ninasema sikumbuki. "Pumzi nilitoa? Labda nilicheka, nikabakiza pumzi sababu ya kucheka." Ninasema labda. Jumapili inayofuata anakuja na jingine: labda mkono ulichelewa, labda aliangalia watu. Alikuwa fundi, na fundi hawezi kulala mpaka ajue kifaa kilikatikia wapi. Na kila kosa alilolitafuta halikuwapo. Nilikaa pale na kijiko, namwangalia anatafuta.

Kisha akaanza kuita vijana. Wapiganaji wapya walikuja kumwamkia, akawafundisha akiwa amelala: limau la kidevu, pumzi, mkono. Alifundisha vizuri kuliko Mzee Shabani. Na mwisho wa somo aliwaambia kila mara, kwa furaha ya mtu ambaye bado ana kitu cha kutoa:

"Munaniona? Muanguke vile niliwaambia. Musianguke kigaspari!"

Walicheka, naye alicheka, jino lile nusu likaonekana. Neno langu alilichukua akalipa jina lake mwenyewe, akawapa kama zawadi. Mimi nilikuwa nyuma yao, na kikombe cha uji kinapoa mkononi.

Ningeweza kusema siku yoyote kati ya Jumapili zile. Zihesabuni ninyi mliosoma. Kila moja nilitoka nyumbani nimeamua, na kila moja nilirudi na kikombe kitupu na neno langu tumboni. Mwanzoni niliogopa watu. Baadaye nilimwogopa yeye: nitamwambiaje mtu kwamba miaka sita, saba, alikuwa anatafuta kitu ambacho mimi nimekificha? Kila mwaka neno lilizidi kuwa zito kwa sababu ya mwaka uliopita. Akafa hivyo. Siku ya maziko mmoja wa vijana wake alisema alikuwa mwalimu mkubwa aliyefanya kosa moja tu. Nikaimba pamoja na wengine.

Halafu ikaja miaka ile mibaya ya mauaji, watu wakatawanyika, na wengi hawakurudi. Mzee Shabani alikuwa amekwisha kutangulia. Noela alikufa ng'ambo, Bukavu, akiamini uongo wangu. Kitanda kiliota majani. Sasa pumba hazitupwi wala hazichezewi. Zinapelekwa kuchoma matofali. Nikipita njia ya Bugarama naona moshi wake.

Jumamosi moja baada ya Divini kunirudishia lile neno, nilichukua fimbo yangu nikaenda klabuni. Ni chumba kikubwa chenye sakafu ya saruji, na mikeka ya bluu ya kununua imetandikwa juu. Wasichana na wavulana wamejipanga. Kocha ni kijana mzuri, ana adabu. Akanikimbilia na kiti.

"Kaa, Koko."

"Sitaki kiti," nikasema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka. Nikasimama.

Kwanza nilimuuliza nani anaanguka kwanza juu ya ile mikeka asubuhi. Hakuelewa.

"Ni ya fabriki, Koko. Iko na garanti."

"Garanti iko na mugongo?"

Watoto wakacheka. Basi nikawaambia. Niliwaambia yote, kama nilivyowaandikia hapa: mvua, kitenge, kiti, bamba, uji. Nilisema Gaspari aliangukia kosa langu, kidevu kilikuwa kifuani. Nilionyesha na kidevu changu. Hakuna aliyecheka tena. Msichana mmoja alilia. Kocha alinishika mikono yote miwili, akasema asante sana, Koko, leo tumejifunza kitu kikubwa. Nilimwamini. Nilihisi kama mtu aliyetua gunia.

Wakarudi mazoezini. Nilikuwa bado sijafika mlangoni. Nilisikia mwili unapiga mkeka, na sauti ya kocha nyuma yangu, sauti ya kazi, haina ubaya wowote:

"Kidevu! Usianguke kigaspari!"

Hakusikia alichosema. Hakuna aliyesikia. Yule msichana aliyelia alikuwa anangoja zamu yake, anafunga kamba ya kiatu. Divini peke yake ndiye aliyenitazama, na mara akaangalia chini.

Nyumbani nilimwambia: midomo yenu imezoea, siwezi kuifunga. Basi badilisheni jina. Kama ni lazima mseme, semeni kiverediana. Mtu akiharibu kazi yake halafu akakaa kwenye kiti, semeni amefanya kiverediana. Jina ni langu, nawapa. Divini alikubali. Ni mtoto mwema, alijaribu. Alirudi akaniambia walimuuliza Verediana alicheza klabu gani.

Ninyi mnaosoma haya, pumba mtazipata kwa wachoma matofali, na kutengeneza kitanda nimekwisha kuwaelekeza. Sidhani kama kuna atakayejaribu. Mimi nyonga imekwisha, siwezi tena kuangushwa. Mliache tu neno lile, ndilo ninalowaomba.

Jana Divini aliporudi nilimngojea mlangoni, hata begi hakuwa ameshusha.

"Kocha leo amelisema?"

"Ameshaelewa, Koko. Anajikaza."

"Nimekuuliza kama amelisema."

Akavua viatu polepole, kimoja, kingine, akavipanga ukutani.

"Mara tatu," akasema.